Kiota cha Nyigu Kinataka Macho Kabla ya Dawa

Mtu anapogundua kiota cha nyigu upenuni au pembeni mwa dirisha, kwa kawaida huuliza swali moja tu: ni dawa gani itakayowaua upesi? Naelewa linakotoka swali hilo, kwa kuwa mwiba wa nyigu hausahauliki na hofu ya watoto kuumwa haingoji maelezo marefu. Hata hivyo, nimeishi katika nyumba zenye nyigu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba swali hilo linapaswa kuja mwisho. Linalostahili kujulikana mwanzo ni nani anayeishi katika kiota hicho, anaingilia wapi, na kama njia yake ya kuruka inakutana na njia wanazopita watu. Hayo ndiyo yanayoamua iwapo kiota kiachwe, kiondolewe kwa mti mrefu na maji ya sabuni, au aitwe mtaalamu. Na mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, uamuzi sahihi ni kukiacha.

Chukua mfano wa vibonge vya udongo mkavu vinavyoonekana kwenye kuta, nyuma ya mapazia na chini ya meza za barazani. Wapo watu wanaovipulizia dawa kopo zima, ilhali ndani yake hakuna kundi la askari wa kupigana nalo. Kibonge hicho hujengwa na jike mmoja anayeishi peke yake, anayebeba tope kidogo kidogo kwa taya zake na kujenga vyumba vyembamba, kisha kuwinda buibui, kuwachoma mwiba unaowapoozesha bila kuwaua, kuwapanga ndani ya kila chumba, kutaga yai na kuziba mlango. Buu linapoanguliwa hukuta nyama ambayo haijaoza. Mama huyo halindi kiota chake kama wanavyofanya nyigu wa makundi, na ni nadra sana kumchoma mtu asipobanwa kwa mkono au ndani ya nguo. Kibonge chenye matundu ya mviringo kwa nje tayari kimekwisha kutumika, kwa sababu wana wamekitoboa na kwenda zao. Kisu butu na kitambaa chenye maji vinatosha kukiondoa, na kama kipo mahali pasipoudhi jicho, hata kisu hakihitajiki.

Kwa nyigu wa udongo kuna jambo moja tu ninalolichukulia kwa uzito mkubwa, nalo ni mapenzi yao kwa mirija iliyokwisha kutengenezwa. Badala ya kujenga chumba kizima, wengine huona tundu la kufuli, mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi, bomba la moshi la mashine ya gesi au mdomo wa bomba lisilotumika, wakaligeuza kuwa chumba cha kulelea. Tarehe 6 Februari 1996, ndege ya Birgenair, safari namba 301, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi waliona kwamba mmoja wa mirija inayopima mwendo wa ndege ulikuwa umeziba. Mirija yenyewe haikupatikana, lakini shaka iliangukia nyigu wa udongo, kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa bila kuruka kwa muda na mirija hiyo haikuwa imefunikwa. Nyumba si ndege, lakini gesi inayokosa njia ya kutolea moshi wake huua pia, kimyakimya. Kifaa chochote cha gesi ambacho hakijawashwa kwa muda mrefu kichunguzwe bomba lake la nje kabla ya kuwashwa, na matundu ya namna hiyo yawekewe wavu unaoruhusu hewa kupita bila kuizuia.

Nyigu wanaoishi kwa makundi ni habari nyingine, na hapa inafaa kutofautisha viota vya aina mbili. Aina ya kwanza ni sega moja lililo wazi, lenye umbo la mwavuli mdogo uliofunguliwa, linaloning'inia kwa kikonyo chembamba chini ya boriti au kwenye fremu ya dirisha, na ambalo vyumba vyake vya pembe sita vinaonekana bila kizuizi. Limetengenezwa kwa karatasi halisi: nyigu hukwangua nyuzi za mbao kavu, huzitafuna pamoja na mate, kisha huzitandaza zikauke. Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur alipowachunguza nyigu, alipendekeza mwaka 1719 kwamba wanadamu nao wangeweza kutengeneza karatasi kwa mbao, wakati ambapo karatasi ya Ulaya ilitegemea matambara ya nguo. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya viwanda kufuata njia hiyo. Kikonyo nacho kina sababu yake. Adui mkubwa wa mabuu ni sisimizi, na kwa kuwa kiota kizima kimeshikiliwa na shina moja jembamba, nyigu hulipaka shina hilo majimaji yanayowafukuza. Kundi la namna hii huanza na jike mmoja au majike wachache, na kwa kawaida hubaki na wakazi makumi kadhaa, ingawa mengine huvuka mia.

Aina ya pili ndiyo ninayoiheshimu kwa umbali. Kiota chake kimefunikwa pande zote kwa tabaka za karatasi, kinaweza kuwa mpira mkubwa juu ya mti, lakini mara nyingi hakionekani kabisa kwa sababu kimejengwa ndani ya dari, katikati ya kuta mbili au ndani ya shimo lililoachwa na panya ardhini. Kinachoonekana ni tundu dogo tu lenye nyigu wanaoingia na kutoka bila kukoma. Ndani yake masega yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na kundi lililokomaa linaweza kuwa na nyigu elfu kadhaa. Hawa huweka walinzi mlangoni, na mmoja wao anapochoma, sumu yake hutoa harufu inayowaita wenzake kushambulia mahali palepale. Ndiyo maana mtu aliyeanza kwa kuchomwa mara moja hujikuta amechomwa mara nyingi kabla hajafika mlangoni. Mtikisiko wa ardhi au wa ukuta huwatosha kuwaamsha, hivyo mashine ya kukata nyasi inayopita juu ya shimo wasilolijua wenye nyumba ni miongoni mwa njia za hakika za kuligundua, na pia ni njia mbaya kuliko zote.

Ili kujua unashughulika na nani, tenga muda wa kutazama. Chagua asubuhi yenye jua, simama mbali, na usisimame kwenye mstari ambao nyigu wanautumia kuingia na kutoka, kwa maana mwili unaoziba njia yao wanauona kama tishio. Kamera ya simu yenye kuvuta picha karibu inatosha kwa kazi hii. Angalia kama wanatua kwenye sega lililo wazi au wanapotea ndani ya tundu. Angalia kama tundu ni moja au ni mawili. Angalia wanaelekea upande gani wanapoondoka, na kwa urefu gani. Kiota ambacho nyigu wake hupaa moja kwa moja juu ya paa na kwenda bustanini kinaweza kuwa karibu na mlango na bado kisiwe na ugomvi na mtu yeyote. Kilicho mbali kidogo lakini chenye njia inayopita usawa wa vichwa vya watoto ni tatizo la kweli.

Nikiwa nimeona hayo, kipimo changu ni rahisi. Kiota kilicho juu sana, au kwenye kona ambayo watu hawafiki, hukiacha, na sababu yangu si huruma peke yake. Nyigu ni wawindaji hodari wa viwavi na nzi, na mtu mwenye mboga au maua karibu na nyumba anafanyiwa kazi bila kujua. Nyigu mzima hawezi kumeza chakula kigumu, kwa sababu kiuno chake ni chembamba mno. Nyama anayoikamata huitafuna na kuwapelekea mabuu, nayo mabuu humrudishia majimaji yenye sukari. Biashara hiyo ikiendelea, nyigu hana haja kubwa na meza yako. Kundi linapozeeka na mabuu kupungua, sukari hiyo hukatika, na hapo ndipo wanapoanza kuvamia matunda yaliyoiva, soda na maji ya matunda. Wakati huo kufunika vyombo na kutazama ndani ya kopo kabla ya kunywa kunasaidia kuliko kupulizia kiota, kwa kuwa mwiba wa kooni unaweza kuvimbisha njia ya hewa hata kwa mtu asiye na mzio.

Kiota kilicho juu ya mlango, kando ya kamba ya kuanikia nguo, mahali pa kuchezea watoto, au mahali popote katika nyumba yenye mtu aliyewahi kupata mzio mkali, hicho sikijadili, lazima kiondoke. Suala linabaki kuwa lini na kwa namna gani. Katika maeneo yenye majira ya baridi kali, kundi lote hufa baridi inapoingia, majike wachache tu waliokwisha kupandwa wakajificha hadi joto lirudi, na kiota cha zamani hakitumiwi tena. Kwa hiyo kiota kilichogunduliwa mwishoni mwa msimu kinaweza kuachwa kijifie. Katika maeneo ya joto la mwaka mzima usitegemee hesabu hiyo, kwa sababu makundi mengine huendelea, au hufuatana bila pengo.

Wakati rahisi kuliko wote ni mwanzo kabisa, sega linapokuwa na vyumba vichache na mama peke yake. Akiwa ameenda kuwinda, mti mrefu unaliangusha na kazi imekwisha. Huenda akaanza tena palepale, nawe utaangusha tena. Mara nyingi huchoka na kuhamia kwingine. Hii ndiyo sababu ninapendelea kuzunguka nyumba mara kwa mara na kutazama juu kuliko kuweka akiba ya makopo ya dawa.

Sega lenye wakazi kadhaa linahitaji utaratibu zaidi. Subiri usiku au alfajiri yenye ubaridi, wakati karibu wote wamerudi na miili yao ni mizito. Vaa suruali nene, mikono mirefu iliyofungwa vifundoni, glavu na kitu cha kufunika uso na macho. Tochi yenye mwanga mwekundu ni bora, kwa kuwa nyigu hawauoni vizuri mwanga huo, ilhali mwanga mweupe unaweza kuwaongoza moja kwa moja hadi mkononi mwako. Kwa sega dogo lililo wazi, maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, yakirushwa kwa bomba la mkono lenye nguvu, hufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya sumu pekee: sabuni hulegeza maji yakapenya kwenye vitundu vya pembeni mwa mwili ambavyo mdudu hupumulia, naye hukosa hewa. Kabla ya kurusha tone la kwanza, hakikisha njia ya kurudi nyuma iko wazi na mlango uko tayari kufunguka. La mwisho nalisema kwa mkazo: usilifanye hili ukiwa juu ya ngazi. Mwiba mmoja unaweza kukufanya uachie mikono, na kuanguka kutoka kwenye paa kunavunja mifupa kwa namna ambayo nyigu hawezi. Kama kiota hakifikiki ukiwa umesimama chini, si kazi yako.

Baada ya kuangusha, watu hushangaa kuona nyigu kadhaa wakizunguka mahali patupu, na huhitimisha kwamba kazi haikufaulu. Hao ni wale waliokuwa nje. Mtafiti Niko Tinbergen alionyesha jambo linalohusiana na hili katika miaka ya 1930 kwa nyigu mwindaji wa nyuki anayechimba shimo mchangani: alizungushia mlango wa shimo koni za msonobari, yaani yale matunda yake makavu yenye magamba, akasubiri mdudu azizoee, kisha akazihamishia pembeni nyigu alipokuwa safarini. Aliporudi, alilitafuta shimo lake katikati ya koni hizo, si pale lilipokuwa kweli. Nyigu hurudi kwenye mahali alipopahifadhi akilini, na kwa hiyo wakazi wa kiota kilichoondolewa watarudi kwenye kona ileile ya boriti kwa siku chache, wakining'inia bila kazi, kisha watapungua. Wakati huo kwangua mabaki ya kikonyo, osha mahali hapo kwa sabuni, na ikiwezekana paka rangi. Mbao kuukuu isiyo na rangi ndiyo wanayoikwangua kutengenezea karatasi.

Kuhusu kile kifuko cha karatasi kinachoigiza kiota na kutundikwa ili kuwatisha nyigu wapya, sitatumia maneno mengi. Viota viwili vya nyigu wa karatasi chini ya upenu mmoja ni jambo la kawaida, na wajenzi wake hawaelekei kutishwa na jirani.

Viota vilivyojificha ndani ya dari na kuta ndivyo vinavyozaa balaa kubwa, na kosa la kwanza ambalo mwenye nyumba hushawishika kulifanya ni kuziba tundu. Anajaza saruji au povu, anasikia ukimya, anafurahi. Nyigu waliofungiwa ndani hawafi mara moja. Wana taya zinazotafuna mbao, na ubao wa jasi wa dari ni laini kuliko mbao. Watatafuta mwanga, na mwanga walio nao karibu ni ule wa chumbani. Kosa la pili ni moto. Petroli inayomwagwa shimoni au kitambaa kinachowashwa chini ya upenu vimeteketeza nyumba zaidi ya moja kwa sababu ya kundi ambalo lingemalizwa kwa unga kidogo wa kuua wadudu, na petroli isiyowashwa nayo hubaki ardhini ikiharibu udongo na maji.

Wataalamu hutumia unga wa kuua wadudu, unaopulizwa kwenye tundu la kuingilia. Nyigu hawanyeshewi sumu papo hapo. Wanaukanyaga wanapopita, wanaubeba miguuni na kwenye vinyweleo hadi kwenye masega ambayo hakuna bomba linaloyafikia, na kundi hufa ndani ya siku moja au chache. Dawa ya kopo iliyopulizwa kwenye tundu la ukuta huua walinzi wa mlangoni na kuwakasirisha waliobaki. Sumu nyingi za namna hii ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa maabara, na ingawa kwa binadamu zina hatari ndogo zikitumiwa kwa kufuata maelezo, kwa samaki ni kali mno na baadhi yake, hususan pemethrini, zinaweza kumuua paka. Bwawa lifunikwe, paka afungiwe ndani, na maelezo ya kwenye kifurushi yasomwe kabla hakijafunguliwa. Kwa kiota cha ndani ya ukuta au shimo lenye msongamano wa kuingia na kutoka, mimi humwita mtaalamu bila kuona haya.

Hata mwangalifu huchomwa. Ni majike tu wenye mwiba, kwa kuwa mwiba wenyewe ni kiungo cha kutagia kilichobadilika, na tofauti na nyuki wa asali, nyigu hauachi mwiba wake mwilini. Anaweza kuchoma tena na tena. Ondoka kwanza mahali hapo, kwa mwendo wa haraka lakini bila kupunga mikono, ingia ndani na ufunge mlango. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, na vidonge vya mzio, yaani antihistamini, hupunguza mwasho na uvimbe. Siki, magadi na dawa nyingine za kupaka zinazosemwa kuua sumu haziifikii, kwa sababu sumu imeingizwa chini ya ngozi. Uvimbe mkubwa kuzunguka mahali palipochomwa, unaoendelea kukua hadi kesho yake, unatisha kuutazama lakini kwa kawaida si hatari.

Hatari ni dalili zinazotokea mbali na palipochomwa: vipele au mwasho mwili mzima, uvimbe wa midomo na ulimi, sauti kukwama, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu au kuzimia. Hali hiyo, inayoitwa anafilaksia, ilipewa jina na wanasayansi Wafaransa Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902, na utafiti huo ulimpatia Richet Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Inaweza kuua kwa dakika, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani, si kidonge cha mzio. Mwenye sindano yake aitumie mara moja, huduma ya dharura iitwe, na mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, isipokuwa anayeshindwa kupumua, ambaye aketi. Asimamishwe wala asitembezwe, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Miiba mingi kwa wakati mmoja ni dharura vilevile, hata bila mzio, na watoto huzidiwa na idadi ndogo zaidi. Aliyenusurika anafilaksia amwone daktari wa mzio, kwa kuwa kuna tiba ya kuuzoesha mwili kwa viwango vidogo vya sumu ya nyigu vinavyoongezwa polepole. Tiba hiyo kwa sumu halisi imekuwapo tangu miaka ya 1970 na huwakinga walio wengi wanaoimaliza.

Zinabaki kazi za fundi. Baada ya kundi la ndani ya dari kufa, acha tundu wazi hadi siku kadhaa zipite bila nyigu hata mmoja kuingia au kutoka, kisha ndipo lizibwe. Kama kiota kinafikika, kitolewe, kwa maana mabuu yaliyofia ndani huvutia wadudu wengine, wakiwamo wale wanaohamia baadaye kwenye nguo za sufu na mazulia. Matundu ya hewa ya paa yawekewe wavu wenye macho yasiyozidi milimita 3, nyufa za lipu zijazwe, na nafasi zilizo kati ya ukuta na bati au vigae zikaguliwe kabla ya msimu ambao majike huanza kutafuta mahali pa kujenga.